Nati za kufuli kwenye gari: seti mbili, miaka minne na nyundo ya mzee mmoja

Kabla hujanunua nati za kufuli, zile za kuzuia wezi wa magurudumu, fungua buti ya gari lako, toa spana ya magurudumu, uangalie imeandikwa namba gani. Yangu imeandikwa 21. Mimi sikuangalia. Nilinunua seti, nikarudi nayo nyumbani, nikakuta ufunguo wake unataka spana ya 19. Spana yangu ikawa inapwaya juu yake kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Yaani hata nati ya kwanza sijaifunga, tayari nina deni la spana nyingine.

Watu wengi husifu nati hizi siku ile ile wanapofungua pakiti, zikiwa zinang'aa na hazijaonja tope. Mimi nimeishi nazo miaka minne sasa. Seti ya kwanza ilinitoa machozi. Ya pili ipo kwenye gari hadi leo, na nina maneno ya kusema juu ya zote mbili.

Kwa asiyezijua: gari langu lina nati 5 kila gurudumu, jumla 20. Seti huja na nati 4 na ufunguo 1. Kila gurudumu unatoa nati moja ya kawaida, mahali pake unaweka ya kufuli. Nati ya kawaida ina pembe 6 na spana yoyote ya saizi hiyo inaishika. Ya kufuli ina kichwa cha mviringo, laini kote, kisha usoni imechongwa mfereji uliopindapinda kama ua lililochorwa na mtoto. Ufunguo una ukingo uliopinda vivyo hivyo upande mmoja, na upande wa pili una pembe 6 za kupokea spana. Bila ufunguo ule, gurudumu halitoki. Magari mengi ya Ulaya hayatumii nati bali bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, kwa hiyo wenye magari hayo hununua bolti za kufuli, ila habari ni ile ile.

Nilizinunua kwa woga, nakiri. Jirani yangu aliamka asubuhi moja akakuta gari lake limekaa juu ya matofali. Magurudumu yote manne yameondoka. Kilichonichoma zaidi ni unadhifu wa kazi yenyewe: matofali yamepangwa sawasawa, mlango haujakwaruzwa, kengele ya gari haikulia, na hata nati walizozifungua waliziacha zimekusanywa kando kama za mtu atakayerudi. Hakuna aliyesikia kitu. Mbwa wake mwenyewe hakubweka. Gari langu lilikuwa hatua ishirini kutoka pale, lina rimu za aloi za inchi 17 nilizokuwa nazisugua kila Jumamosi. Siku ile ile jioni nikawa na pakiti mkononi.

Sasa hiyo seti ya kwanza. Sitaitaja jina, maana sina hakika hata kama jina lililoandikwa pale lilikuwa la kweli. Ilikuwa ya aina yenye pete ya nje inayozunguka bure. Wazo lenyewe ni la akili: mwizi akija na koleo au soketi ya kugongomea, yaani kikombe cha chuma kinachovikwa juu ya nati, atashika pete, na pete itazunguka weee bila nati kusogea. Dukani nilizungusha ile pete kwa kidole nikatabasamu. Muuzaji naye akatabasamu.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba pete inayozunguka ina nafasi ndogo kati yake na nati, na kwenye nafasi hiyo huingia maji, vumbi la breki na tope. Baada ya miezi minane hivi, pete mbili kati ya nne zilikuwa hazizungukii tena popote. Kutu ilikuwa imezigandisha. Kwa hiyo ule ujanja niliolipia ulikuwa umeshakufa kimya kimya bila mimi kujua. Ufunguo nao ulikuwa wa chuma laini. Kuta za lile ua zilikuwa nyembamba, labda unene wa njiti ya kiberiti, na ndizo zilizotakiwa kubeba nguvu yote.

Siku ya kubadilisha matairi nilipeleka gari kwenye karakana moja ya matairi. Kijana alinipokea vizuri, akaniomba ufunguo, nikampa. Nikaenda kando kupokea simu. Nikasikia mashine ya upepo, trrrrr, nikageuka: ufunguo wangu ulikuwa umechomekwa kwenye mashine ile na unapigwa kama wenzake. Sikusema kitu. Ningesema nini? Sikujua kwamba kuna cha kusema.

Nimekuja kujua baadaye. Nati za magurudumu ya gari kama langu zinatakiwa zikazwe kwa newton-mita 103. Ukitaka kuipata picha yake, chukua mpini wa spana wenye urefu wa nusu mita, uning'inize ncha yake mzigo wa kilo 21. Ndiyo hiyo tu. Mashine ya upepo ya karakana inaweza kutoa 500 na zaidi, tena haitoi kwa kusukuma polepole, inatoa kwa kugonga, mapigo mengi kila sekunde. Nati ya pembe 6 inavumilia, maana ina mwili. Ufunguo wenye kuta za njiti ya kiberiti unavunjika ndani kwa ndani, mpasuko mwembamba kama unywele, halafu unarudishwa mkononi mwako ukiwa mzima kwa macho.

Mpasuko ulingoja miezi mitatu. Nikapata pancha ya nyuma kulia, jioni, manyunyu yanaanza. Nikajisemea hakuna shida, mimi ni mtu wa kubadilisha tairi mwenyewe. Nikalegeza nati nne za kawaida kabla ya kupandisha jeki, kama inavyotakiwa. Ya tano ilikuwa ya kufuli. Nikaingiza ufunguo, nikaweka spana, nikakanyaga kwa mguu. Ikalia kli. Sauti ndogo sana, kama kuvunja kijiti cha meno. Nikachomoa ufunguo nikaona petali moja ya lile ua haipo. Imebaki ndani ya mfereji wa nati, imekaa pale kama jino lililokatikia kwenye fizi. Spea ninayo, ina upepo. Jeki nzima. Tochi ina chaji. Nguvu ninazo. Nilichokosa ni kipande cha chuma kisichofika ukubwa wa punje ya mchele.

Gari lililala pale pale. Mimi nilirudi nyumbani na viatu vimelowa.

Kesho yake nilitafutiwa fundi, mzee wa makamo ya baba yangu, aliyekuja na mfuko wa vyuma uliochakaa. Akachuchumaa mbele ya gurudumu, akaiangalia nati, akaipitisha kidole, kisha akaniuliza bila kugeuka:

"Mama, hii umeifunga wewe au adui yako?"

"Mimi mwenyewe, mzee wangu. Nilikuwa naogopa wezi."

"Basi wezi umewaweza."

Nitaieleza kazi aliyoifanya, maana ndiyo iliyonifundisha nilichokuwa nimenunua. Mbinu yake ilikuwa kuchukua soketi kuukuu ya pembe 12, ndogo kidogo kuliko kichwa cha nati, na kuigongomea juu ya nati kwa nyundo mpaka pembe zake zing'ate chuma. Ikishang'ata, unaweka mpini mrefu unafungua kama nati yoyote, na soketi yenyewe unaihesabu imekufa. Kwenye nati ya kipande kimoja hilo hufanyika haraka. Lakini yangu ilikuwa na ile pete ya kuzunguka, na kwenye gurudumu hili pete ilikuwa bado haijaganda. Soketi ilipoing'ata pete, pete ikazunguka nayo. Alijaribu mara tatu. Akatua nyundo, akachukua tindo nyembamba, akaanza kuipasua pete.

Hapo ndipo kelele ilipoanza. Tindo juu ya chuma kigumu, ndani ya tundu la rimu ya aloi, na rimu yenyewe inapokea kila pigo na kulirudisha kama kengele. Kang. Kang. Kang. Watoto walikuja. Mwanamke mmoja akafungua dirisha ghorofani. Mwanamume aliyekuwa anapita akasimama akauliza gari ni la nani, nikajibu langu, akabaki amesimama vile vile kuhakikisha. Pete ilipasuka baada ya kama robo saa, ikadondoka vipande viwili. Mzee akagongomea soketi tena, safari hii ikang'ata nati yenyewe, akaweka mpini, akauongezea bomba kurefusha, akajiegemeza. Ilitoka na mlio kama wa mlango wa zamani. Nati moja, dakika arobaini. Zile nyingine tatu zikamchukua muda mfupi zaidi kwa sababu mbili kati yake pete zilikuwa zimeshaganda, hata hakuhitaji tindo. Fikiria: kutu ilikuwa imemrahisishia kazi.

Wakati anakusanya vyuma vyake nikamuuliza, basi mzee, vitu hivi havina maana? Akafuta mikono, akasema, "Umesikia nilivyopiga kelele?" Nikasema nimesikia. "Ndiyo hiyo uliyonunua."

Nimelifikiria jibu lile siku nyingi. Mwizi wa jirani yangu alifanya kazi yake yote kwa spana ya mkono na ukimya. Nati 20 za pembe 6, spana moja, dakika chache kila gurudumu. Nati ya kufuli haimzuii mwizi aliyekuja na soketi ya kugongomea. Soketi za namna hiyo, zenye meno yaliyopinda kinyume ili zing'ate kadiri unavyofungua, zinauzwa wazi na mafundi wanazihitaji kihalali, kama mzee yule alivyohitaji ya kwake. Inachofanya ni kumlazimisha apige nyundo mara nne usiku wa manane chini ya madirisha ya watu. Wengine watapiga. Wengi wataangalia gari la pembeni. Huo ndio ulinzi wote uliopo ndani ya pakiti ile, na nikiri kwamba kwa aina ya maegesho ninayolaza gari, karibu na watu wanaosikia, unanitosha. Ningekuwa nalaza gari mahali ambapo hakuna masikio, nisingehangaika nazo.

Kwa hiyo, pamoja na machozi yote, nilinunua seti ya pili. Rimu yangu ya nyuma kulia hadi leo ina kovu la tindo ndani ya tundu, unaweza kuligusa kwa ukucha. Mume wangu alicheka sana. Alisema mtu akiumwa na nyoka hukimbia, mimi nimeenda kununua mwingine. Nikamwambia huyu wa pili nimemwangalia meno kwanza.

Kweli nilimwangalia. Safari hii nilienda na nati yangu ya asili mfukoni na spana yangu ya 21 mkononi, na nilikaa dukani kama saa nzima. Jambo la kwanza lilikuwa uzi, ile mikunjo ya ndani ya nati. Wangu ni kipenyo cha milimita 12, hatua (umbali kati ya mkunjo na mkunjo) 1.5, kama yalivyo magari mengi ya Toyota, Honda na Mazda. Nissan na Subaru nyingi ni 12 kwa 1.25. Tofauti ya robo milimita huwezi kuiona kwa jicho, na nati ya uzi usio wake huanza kuingia vizuri mizunguko miwili mitatu, ukidhani ni ugumu wa kawaida unaongeza nguvu, tayari umeshakula uzi wa stadi, ile nondo ya habu ambayo nati hujifunga juu yake. Nati inatakiwa iingie kwa vidole mpaka karibu mwisho. Ikigoma vidoleni, itoe.

Jambo la pili ndilo wauzaji wengi hawalisemi: makalio ya nati. Kuna nati zenye makalio ya mteremko kama faneli, digrii 60. Kuna zenye makalio ya duara kama nusu mpira. Na kuna zenye makalio bapa, zikiwa na washa. Rimu imechongwa kupokea aina moja tu kati ya hizo. Zangu, kwa kuwa ni rimu za aloi zilizokuja na gari, ni bapa. Dukani nilipewa kwanza seti ya mteremko, muuzaji akanihakikishia inaingia. Kuingia inaingia! Uzi ni ule ule. Lakini mteremko ukikaa juu ya tundu bapa unagusa ukingo mwembamba tu, si uso mzima, na hapo hata uikaze vipi italegea ukiwa barabarani. Nilimwekea nati yangu ya asili pembeni ya yake, nikamwonyesha. Akaenda kutafuta nyingine nyuma, akarudi nayo, na nadhani siku ile tulijifunza wote.

Wenye bolti waongeze urefu kwenye orodha hiyo. Bolti fupi hushika uzi kidogo mno, na ndefu inaweza kutokeza nyuma ya habu ikagusa vilivyomo ndani, breki zikiwamo.

Seti niliyoichukua ni ya kipande kimoja, haina pete ya kuzunguka, haina sehemu ya kujaa tope zaidi ya ule mfereji wa usoni. Kuta za ufunguo ni nene, naweza kusema mara mbili ya zile za kwanza. Nilijaribu kuuingiza kwenye tundu la rimu kabla ya kulipa, maana ufunguo mnene una ubaya wake: rimu nyingine zina matundu membamba na ufunguo haupiti. Wangu ulipita ukabakiza nafasi kidogo. Na ndani ya pakiti kulikuwa na kadi yenye namba ya siri ya muundo wa ufunguo. Ukipoteza ufunguo, namba ile ndiyo unayompa mtengenezaji akutolee mwingine. Seti ya kwanza haikuwa na kadi wala namba. Ufunguo ukifa, basi.

Miaka miwili na nusu sasa. Nimezifungua na kuzifunga labda mara kumi, na ufunguo uko mzima, kingo bado kali. Sidhani ni ubora wa chuma peke yake. Sehemu kubwa ni kwamba haujawahi tena kuingia kwenye mashine ya upepo.

Hapo ndipo penye kazi, na ndipo ninapomtahadharisha anayefikiria kununua. Ukinunua nati hizi unakuwa mtu msumbufu kwa mafundi. Mimi nikifika kwa mtu wa matairi sikabidhi ufunguo. Nashuka, nalegeza zile nne kwa mkono gari likiwa bado chini, ndipo namwachia aendelee na zilizobaki kwa mashine yake apendavyo. Akimaliza, nazifunga mwenyewe. Wengine hunishangaa, wengine hukasirika kidogo kwa sababu nawachelewesha. Kijana mmoja aliniambia, "Dada, tungekuajiri tu." Nilimjibu nitakuja nikistaafu.

Kuna sababu nyingine ya kutokabidhi. Ufunguo ukikaa kwenye soketi ya fundi hunasa humo, naye anahamia gari linalofuata bila kukumbuka. Kabla sijaanza utaratibu wangu, nimewahi kurudi karakana kuufuata mara mbili, na mara zote ulikuwa ndani ya soketi, juu ya benchi, unaningoja. Wapo wengi wanaogundua kwamba haupo siku ya pancha. Ukinunua gari lililotumika, kabla ya kutoa hela piga jicho magurudumuni: ukiona nati moja imetofautiana na wenzake, dai ufunguo, na ujaribu pale pale kwenye magurudumu yote manne. Ufunguo wa gari jingine unafanana sana kwa macho.

Kuzisafisha ni jambo dogo ila msilidharau. Tope likikauka ndani ya mfereji, ufunguo hauzami wote. Unashika kwa milimita mbili badala ya sita, nguvu yote inaangukia ncha, na kli. Natumia mswaki wa zamani na kijiti, nachokonoa mfereji mpaka nione chuma kitupu, kisha nauingiza ufunguo na kuugonga kiganja mara moja ukae. Wakati wa kufungua nausukuma kwa mkono wa kushoto usiinuke huku wa kulia unavuta spana. Uzi wa stadi naupiga brashi ya waya, siuwekei mafuta wala grisi. Najua wapo wanaoweka. Uzi ukiteleza, spana ya kupimia mkazo itakwambia 103 wakati stadi imevutwa kupita hapo, na stadi iliyovutwa kupita kiasi siku moja hukatika. Nakaza kwa msalaba, si kwa kufuata duara, na baada ya kilomita 50 hadi 100 napima tena. Spana ile ya kupimia nilikuja kuinunua kwa sababu ya nati hizi, na ni kitu nilichopaswa kuwa nacho tangu zamani.

Spea karibu niisahau. Spea yangu ni ya rimu ya chuma, nyembamba kuliko aloi. Nati ya kufuli yenye makalio bapa na shingo ndefu, ile sehemu inayozama kwenye tundu la rimu, haikai vizuri pale, na nililigundua hilo nyumbani, si barabarani, namshukuru Mungu. Nati zangu za asili zinakaa kwenye zote mbili kwa sababu ncha ya shingo yake ina mteremko unaoshika rimu ya chuma. Kwa hiyo zile 4 nilizozitoa sikuzitupa. Zimo kwenye kifuko pamoja na jeki, na siku nikifunga spea, natumia nati za asili zote 5.

Ufunguo unaishi kwenye soksi. Soksi moja ya kijivu iliyopoteza mwenzake, imefungwa fundo, imesokomezwa nyuma ya jeki. Usiuweke kwenye kidroo cha dashibodi. Ndipo kila mtu anapoweka, na mwizi akivunja kioo ndipo anapoanzia mkono. Wala usiuache nyumbani kwa usalama zaidi, kwa sababu pancha haitakufuata nyumbani. Namba ya kadi nimeipiga picha, na kadi yenyewe iko ndani pamoja na karatasi za gari.

Nani anunue? Mwenye rimu za aloi zinazotamanika, anayelaza gari mahali penye watu, na aliye tayari kushuka na kufungua nati nne kwa mkono wake kila gari linapoguswa magurudumu. Kama rimu zako ni za chuma zenye kofia za plastiki, pesa hizo zifanyie kitu kingine. Na kama wewe ni mtu wa kuacha gari kwa fundi asubuhi na kulichukua jioni bila kujua nani alilishika, usinunue hata kama rimu zako ni za dhahabu. Utakutana na mzee mwenye tindo kabla hujakutana na mwizi.

Seti ya kwanza naipa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu ilinikutanisha na mzee yule. Ya pili naipa nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya nati ya mbele kushoto. Mng'aro wake umeanza kubanduka pembezoni mwa mfereji, na chini yake kuna doa la kutu lenye ukubwa wa kichwa cha pini. Zile tatu ziko safi. Jumamosi iliyopita nililisugua kwa mswaki likafifia, leo asubuhi limerudi.